Siku Mtaa Ulipotoa Vyombo Nje

Kicheko cha Chekacheka hakikuwa na adabu. Kilikuja bila kuitwa, na kikishakuja hakiondoki mpaka kimemaliza shida zake. Siku ya harusi yake alicheka mpaka aliyekuwa akifungisha ndoa akafunga kitabu, akakunja mikono na kumsubiri. Alipokuwa na uchungu wa kujifungua alicheka pia, katikati ya maumivu, kwa kuwa muuguzi alikuwa amevaa kiatu cheusi mguu mmoja na cha kahawia mguu wa pili. Mumewe, dereva wa lori la safari ndefu, alipenda kusema kwamba kicheko hicho ndicho kilichomfanya amwoe, na ndicho kilichomfanya atafute kazi ya barabarani.

Lakini usimdhanie mtu wa mchezo. Alikuwa mchapakazi wa kutupwa. Kabla ya haya alikuwa msaidizi wa fundi wa rangi, akibeba ndoo na kukwangua kuta za watu, na kuta alizijua: ipi inanyonya, ipi inatema, ipi imekandikwa kwa hasira. Ndiyo maana watu wa afya walipopita kutafuta wapuliziaji, yaani watu wa kwenda nyumba hadi nyumba kabla ya mvua na kunyunyizia kuta dawa ya kuua mbu wa malaria, yeye ndiye aliyetangulia kunyoosha mkono. Wakafundishwa kwenye ukuta wa shule, kwa maji matupu. Unapampu bomba mpaka lijae upepo. Unasimama mbali kidogo na ukuta, unashuka na mstari kutoka juu hadi chini, unasogea hatua, unapanda na mstari mwingine kutoka chini hadi juu, na kingo zao ziguse. Chekacheka akaipenda kazi siku hiyohiyo. Alipenda zaidi ile habari ya mbu mwenyewe: kwamba akishakunywa damu huwa mzito, hutafuta ukuta wa karibu atue apumzike, na akitua penye dawa basi, safari yake imeishia hapo.

"Yaani anakula, anashiba, anajinyoosha kupumzika!" alimwambia msimamizi wao, machozi ya kicheko yakimtiririka. "Huyo ni shemeji yangu mtupu. Ila shemeji huwa anaamka."

Msimamizi hakucheka. Alikuwa bwana mwembamba mwenye filimbi shingoni, anayeamini kwamba kila jambo duniani lina utaratibu wake, na kwa ajili ya Chekacheka alilazimika kuongeza utaratibu ambao haukuwepo: mpuliziaji hacheki akiwa amevaa barakoa. Alikuwa na sababu. Mama huyu akicheka, miwani yake ya kazi ilijaa ukungu, na mara moja tayari, katika ukungu huo, aliikosa kona ya ukuta akaipata suruali ya msimamizi iliyopigwa pasi.

Tatizo ni kwamba kazi yenyewe ilikuwa ya kuchekesha. Huwezi kupulizia nyumba iliyojaa vitu. Lazima mwenye nyumba atoe vyombo vyote nje: magodoro, nguo, chakula, maji ya kunywa, picha za ukutani. Kabati zito lisilotoka linasogezwa katikati ya chumba na kufunikwa nailoni, lakini kuta ziwe wazi zote. Kwa hiyo timu ikiingia mtaa asubuhi, kufumba na kufumbua mtaa mzima unageuzwa kama mfuko wa suruali, na yaliyokuwa ndani yanaonwa na jua. Bwana mmoja aliyezoea kukaa kibarazani akilisifia jokofu lake alilitoa, na kumbe ndani mlikuwa na nguo zimekunjwa vizuri, soksi zimepangwa kwenye nafasi za mayai. Mume na mke wengine waliinua kitanda, huyu upande huu na huyu upande ule, na kila upande pakatokea mkebe wa sukari uliofichwa mwenzake asiuone. Chekacheka alijiuma midomo siku hizo mpaka ikavimba.

Lakini lipo jambo moja ambalo halikumchekesha hata kidogo. Nyumba anayoishi yeye mwenyewe ilikuwa haijapuliziwa, na mwenye nyumba alikuwa amekataa katakata.

Mwenye nyumba alikuwa mama mkwe wake. Mtaa ulimwita Bibi Kufuli, kwa sababu ya kufuli kubwa la shaba alilofunga kwenye mlango wa chumba chake, na funguo alizozifunga kwenye pindo la kanga na kulala nazo. Alikuwa amekula chumvi nyingi na alikuwa mkunga maisha yake yote. Nusu ya watu wa mtaa huo walipokelewa na mikono yake, na hakuwaacha wasahau. Chekacheka na mumewe walikaa vyumba vya nyuma vya nyumba hiyo, na binti yao wa pekee, tangu aachishwe ziwa, alilala na bibi yake, ndani ya chumba cha kufuli, ambamo mama yake hakuwahi kukanyaga. Mtoto alikabidhiwa mlangoni jioni na kurudishwa mlangoni asubuhi.

Mtoto huyo aliitwa Kinanda, kwa kuwa tangu azaliwe hakuwahi kunyamaza. Aliimba akila, aliongea akilala, alipiga kelele kwa furaha akimwona kuku. Mvua zilizopita alipata malaria, akapona, akapata tena. Ile ya pili ndiyo iliyomkata mama yake maini. Kinanda alinyamaza. Alilala mapajani mwa mama yake kwenye benchi la zahanati, moto kama pasi, macho nusu wazi, na kimya chake kilikuwa kikubwa kiasi kwamba Chekacheka alimwomba muuguzi amchome sindano haraka ili angalau alie. Alipona, ashukuriwe Mungu, na kelele zikarudi. Lakini mama yake aliapa kwamba mvua zijazo hazitamkuta mwanawe amelala karibu na ukuta usio na dawa. Na mvua zijazo sasa zilikuwa mlangoni, mawingu yakijikusanya kila alasiri.

Alimbembeleza mkwewe kwa adabu zote. "Mama, dawa hii ni salama, tunatoka nje kidogo mpaka kuta zikauke, basi."

"Dawa inaleta kunguni," Bibi Kufuli alisema.

Kesho yake dawa ilikuwa inaharibu rangi. Kesho kutwa ilikuwa inanuka. Halafu ilikuwa inavuta radi. Chekacheka alizijibu sababu zote, na kila alipoijibu moja, bibi alitoa nyingine kama mtu anayetoa karanga mfukoni. Alimpigia mumewe simu huko safarini. Mumewe akasema, "Mke wangu, mama yangu namwogopa kuliko polisi wa barabarani," na simu ikakatika, au akaikata.

Basi ikafika siku ya mtaa wao wenyewe. Ilikuwa pia siku ya mwisho ya timu upande huo wa mji. Jioni lori lingebeba mabomba na kuhamia ng'ambo ya mto, na lisingerudi mpaka mwaka mwingine. Chekacheka aliamka roho juu. Nyumba zilianza kutoa vyombo, barabara ikajaa vitanda, meza na masufuria, watoto wakirukia magodoro, majirani wakichunguliana mali bila haya. Bibi Kufuli alitoa kigoda kimoja tu. Akakiweka mbele ya mlango wake, akakikalia, akamshika Kinanda mkono.

Msimamizi alikuja mwenyewe, filimbi shingoni. Akajikohoza. "Bibi, shikamoo. Kwa utaratibu uliopo, kila nyumba..."

"Marahaba. Sogea nikuone." Bibi alikunja macho. "Wewe si mtoto wa yule mama aliyekuwa akikaa nyuma ya kiwanda cha mbao? Nakukumbuka sana. Ulikuja duniani umetanguliza makalio."

Mtaa mzima uligeuka kutazama, vyombo mikononi.

"Kutwa nzima nilikusubiri ugeuke," bibi aliendelea, sauti yake ikifika mpaka nyumba ya mwisho. "Hukugeuka. Ulitoka kinyumenyume kama mtu anayeaga wakwe. Ndiyo leo uje kunipa utaratibu mimi?"

Jamani! Kinyozi wa mtaa, aliyekuwa anatoa vioo vyake nje, alilazimika kuvirudisha chini visije vikamponyoka. Mama Pacha, jirani wa ukuta mmoja, aliingiza kichwa kizima ndani ya pipa lake tupu na kucheka humo, pipa likivuma. Chekacheka alikuwa amevaa barakoa na miwani tayari. Miwani ikawa nyeupe, akapapasa njia mpaka nyuma ya nyumba, akakaa chini na kucheka mpaka mbavu zikaomba msamaha. Msimamizi aliondoka na heshima yake iliyobaki, akatangaza kwamba nyumba hiyo iachwe.

Iachwe. Neno hilo lilipomfikia Chekacheka huko nyuma, kicheko kilikatika. Alivua barakoa akajifuta uso. Alikuwa amepulizia nyumba za wageni kwa majuma, vyumba vya watoto asiowajua hata majina, na leo usiku wa kwake angelala penye ukuta mtupu. Alimchukia yule mama mkwe, nakwambia kweli, alimchukia kabisa, kwa kufuli lake na funguo zake na radi zake.

Hapo ndipo Kinanda alipotokea. Alikuwa amemtoroka bibi yake, akapenya nyuma ya kigoda, akapita ndani ya chumba na kutokea mlango wa uani, ambao Bibi Kufuli, kwa kuwa macho yake yote yalikuwa barabarani, hakuufunga. Alikuja akiimba, na shingoni alikuwa amevaa shuka jeupe refu lenye mistari, limefungwa nyuma kwa kibanio, linaburuza vumbi kama la malkia. Chekacheka alilitazama. Lilikuwa na vinywele vimenasa kwenye mshono. Lilikuwa shuka la kinyozi, lile la kumfunika mtu anayenyolewa, na kinyozi wao kwa muda mrefu alikuwa akiwafunika wateja wake kwa pazia kuukuu lenye maua.

Hakwenda kuchungulia. Hakuhitaji. Mambo yakaanza kujipanga kichwani mwake yenyewe. Ngazi ya Mama Pacha, iliyoazimwa mwaka wa mafuriko. Gurudumu la toroli la muuza mkaa. Chujio, pasi, beseni la kuogea mtoto mchanga, viti vya plastiki vya kamati ya misiba. Kila mtu mtaani alikuwa na kitu chake ambacho "kipo kwa bibi", na kila mtu aliposema hivyo alishusha sauti na kubadilisha mazungumzo. Nani angeenda kumdai mtu aliyemkata kitovu? Na bibi naye, aliazima kwa nia njema, akachelewa kurudisha, halafu siku zikapita mpaka kurudisha kukawa ni kukiri. Kwa hiyo akafunga kufuli. Sasa anaambiwa atoe vyombo vyote nje, siku ambayo mtaa mzima umekaa barabarani ukitazama.

Kunguni! Radi! Maskini mama wa watu, alikuwa anaona aibu tu.

Chekacheka alimbeba Kinanda, akamvua lile shuka, akalikunja likawa dogo, akaenda kupiga magoti kando ya kigoda.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "leo vyombo vya watu vimechanganyikana sana huko nje."

Bibi Kufuli aliliona shuka. Uso wake ukawa mgumu kama ubao.

"Sufuria za huyu ziko kwa yule," Chekacheka aliendelea, akitazama chini, akiomba kicheko kimhurumie walau mara moja. "Jioni wakati wa kurudisha ndani, mtu anaweza akakuta chombo chake kwenye rundo lake mwenyewe, na wala asijue kilifikaje hapo. Siku kama ya leo hakuna anayeuliza."

Kinanda alimng'oa bibi yake kitambaa cha kichwa na kukivaa yeye.

"Watu wa mtaa huu," Bibi Kufuli alisema hatimaye, "hawajui kutunza vitu vyao."

"Hawajui, mama."

"Mtu akiwatunzia, hawashukuru."

"Hata kidogo."

"Nenda mlango wa uani," bibi alisema, na akafungua fundo la kanga. "Na uvue hizo buti, unanichafulia sakafu."

Basi ikaanza shughuli ambayo mtaa ule utaisimulia mpaka wajukuu wazeeke. Chekacheka aliomba mapumziko yake ya mchana, akavua magwanda ya kazi na glavu, akanawa, akaanza kutoa vitu kupitia uani, vya chumba kile na vya nyumba nzima. Bibi Kufuli aliongoza kikosi. Alipita barabarani taratibu kama mtu anayenyoosha miguu, chujio likiwa chini ya kanga, akasimama kwenye rundo la jirani, akasifia mtoto, akauliza hali ya mgongo, na alipoondoka chujio lilikuwa limebaki juu ya meza. Pasi ilisafiri ndani ya mto wa kulalia. Beseni lilivaliwa na Kinanda kichwani, akatumwa nalo kwa mwenyewe huku akilipiga kama ngoma. Viti vya plastiki viliibuka kimoja kimoja kwenye foleni ya viti vingine. Mara mbili Chekacheka alilazimika kujificha nyuma ya kabati la mtu akacheka kwenye kiwiko cha mkono, kisha akajikaza na kurudi kazini.

Kilichoharibu mambo ni ngazi. Ngazi haifichiki. Chekacheka alikuwa ameibeba pembeni kabisa mwa ukuta, akitembea kwa ncha za vidole, aliposikia uzito umepungua. Akageuka. Mama Pacha alikuwa ameshika ncha ya pili, anatazama mawingu, anapiga mluzi.

"Mama Pacha," alinong'ona, "wewe unajua?"

"Mimi?" Mama Pacha alisema bila kugeuza shingo. "Mimi sijui chochote. Nabeba tu ngazi yangu niliyokuwa nayo siku zote." Kisha akashindwa, akapumua kicheko puani. "Mtaa mzima unajua, we mtoto. Kuanzia zamani. Nani atamwambia? Alikaa na mimi usiku kucha pacha wangu wa pili alipogoma kutoka. Achukue hata paa la nyumba."

Kuanzia hapo mtaa mzima ukaingia kwenye maigizo, na waigizaji wenyewe walikuwa wabovu kupindukia. "He! Chujio langu!" mmoja alipaza sauti, mkono kifuani. "Kumbe siku zote lilikuwa chini ya meza!" Muuza mkaa alilikumbatia gurudumu na kulikaripia kwa kupotea ovyo. Mwenye pasi aliapa kwamba ameikuta ndani ya kiatu. Bibi Kufuli aliwasikiliza wote kwa uso mkavu, akitikisa kichwa kwa uzembe wao.

Kikabaki kiti cha kinyozi. Lo! Kile si kiti, ni gari. Chuma kitupu, ngozi nyekundu, cha kuzunguka na kuinuka, na kilikaa katikati ya chumba kama mwenye nyumba. Bibi alikiazima siku chache mgongo ulipomkamata, na mgongo ulikipenda. Chekacheka alisukuma, Mama Pacha alivuta, kiti kikatoka uani na kunasa kwenye kona ya nyumba, mbele ya macho ya kila mtu. Bibi Kufuli alisimama kando yake. Hakuwa na kanga ya kukificha hicho. Akainamisha kichwa, na Chekacheka akaona kwamba sasa huyu mama atalia, hapa, mbele za watu, na kwamba kosa litakuwa lake.

Kinyozi alivuka barabara. Alikuwa bwana mnene mwenye upara, ambao wateja wake waliutania sana. Alikizunguka kiti. Akagusa ngozi yake. Akapiga goti akatazama mguu wa kiti, akasimama na kusema kwa sauti ya kutangaza:

"Mama, shikamoo. Naona matengenezo yamekamilika."

Bibi Kufuli aliinua kichwa. "Nilikitia mafuta," alisema, na hilo lilikuwa kweli.

"Ndiyo maana nilikileta kwako. Wengine wangekiharibu." Akavuta pumzi. "Sasa nisaidie jambo moja. Kukibeba kitupu kitayumba. Kinataka mtu mzito, mwenye heshima, akikalie."

Nakwambia, walimbeba. Kinyozi, muuza mkaa, yule bwana wa soksi kwenye jokofu, aliyekuja kutoka mtaa wa pili kutazama, na wanaume wengine walimwinua Bibi Kufuli juu ya kiti chekundu na kumpitisha barabarani katikati ya magodoro na masufuria, Kinanda mapajani mwake akipiga kelele za furaha, wanawake wakipiga vigelegele na vifuniko. Bibi alikaa wima, mikono kwenye viegemeo vya kiti, akiwaonyesha kwa kidole. "Wewe ulizaliwa na nywele nyingi. Wewe ulinimwagia maji ya moto. Wewe hukulia mpaka nikakupiga kofi." Mbele ya duka la kinyozi kiti kilizungushwa mara kadhaa, na bibi akacheka, kicheko chembamba cha msichana ambacho hakuna aliyewahi kukisikia. Chekacheka alilala chali juu ya godoro la mtu asiyemjua, hoi.

Filimbi ikalia. Lori lilikuwa limefika.

Aliruka. Alikuta wenzake wakifunga mabomba, msimamizi akihesabu buti. "Chumba kimoja!" alisema akihema. "Na sebule, na vile viwili vya nyuma. Kuta zote wazi. Nakuomba, mkuu. Mwanangu analala mle."

Msimamizi alitazama saa, akatazama mawingu, akatazama kule mbali ambako Bibi Kufuli alikuwa bado anazungushwa. Pengine aliona kwamba ni afadhali lori lichelewe kuliko yeye kuitwa tena karibu na kile kiti.

"Nenda. Wenzako wawili wachukue vyumba vingine. Na ole wako ucheke humo ndani."

Akavaa magwanda upya, barakoa, miwani, akajaza bomba, akaingia chumba cha kufuli peke yake.

Kilikuwa kitupu na kidogo kuliko alivyodhani. Kitanda kilikuwa kimetolewa. Sakafuni paliachwa alama ya miguu yake, na kando yake alama ya kigoda. Alianza kushoto mwa mlango, juu hadi chini, hatua, chini hadi juu, ukuta ukinyonya vizuri. Alikuwa bado na kicheko cha kile kiti tumboni, kinamtekenya. Akafika ukuta wa ndani, ule wa upande wa mtoto, na mkono wake ukasimama.

Ukuta ulikuwa na madoa. Alidhani ni kutu, kisha unyevu, na yeye kuta anazijua. Akasogea. Vilikuwa vidoa vidogo vya kahawia, vingi, vimetapakaa kuanzia usawa wa mto wa mtoto mpaka pale mkono wa mtu aliyeketi kwenye kigoda unapofika, na havikupita juu ya hapo. Vingine vilikuwa vya zamani, vimefifia. Vingine vya juzi, bado na mguu mwembamba wa mbu umenata. Msumari ulikuwa umepigwa karibu, na kwenye msumari ilining'inia kandambili moja iliyolika kisigino. Soli yake ilikuwa na rangi ileile.

Alisimama hapo na bomba lake, akielewa taratibu. Sababu ya bibi kusinzia mchana kutwa, midomo wazi, na yeye kumsema kwa mumewe kwamba ni mvivu. Nyumba aliyoishi ilikuwa na mpuliziaji mwingine muda wote huo, asiye na bomba wala barakoa, anayekaa gizani na kusikiliza.

Miwani ikajaa ukungu. Hakuwa anacheka. Aliinua bomba akaanza juu kabisa, akashuka polepole juu ya yale madoa yote, akapanda, akashuka, na ule ukuta aliupulizia kwa uangalifu kuliko ukuta wowote tangu aanze kazi.

Alipotoka lori lilikuwa linaunguruma. Bibi Kufuli alikuwa amerudi, amekaa juu ya kitanda chake huko uani, katikati ya vitu vichache ambavyo kweli vilikuwa vyake. Kinanda alikuwa amesinzia mapajani mwake, kitambaa cha bibi kimemwangukia usoni, na bado alikuwa akiguna wimbo. Chekacheka alivua glavu na barakoa, akanawa mikono na uso kwenye ndoo kwa muda mrefu, akaja kukaa chini karibu na miguu ya mkwewe.

Bibi alimtazama macho yake mekundu, akageukia pembeni.

"Umeuona ukuta wangu ulivyo mchafu," alisema.

"Nimeuona, mama."

"Macho yangu siku hizi hayaoni vizuri. Nasikia tu." Alimfunika mtoto mguu uliokuwa wazi. "Nilikuwa nawapata wengi. Lakini kila usiku mmoja alikuwa ananitoroka. Mtoto alipougua mara ya pili, nilijua ni yule mmoja."

Chekacheka alishika mguu wa mkwewe, uliokuwa na vumbi la barabara nzima, akaulaza shavuni.

"Leo lala, mama," alisema. "Leo ulale."